Gobori la mitutu miwili: tulipakie pamoja kabla ya kwenda kwa kanga

Haya jamaa zangu, habari za asubuhi. Agandi kwa majirani wa hapa Kiruhura, na salamu kwenu mnaonitazama kutoka Busia, Arua na ng'ambo ya mpaka. Leo sina simu mpya wala tochi ya sola. Leo mezani kuna gobori. Ndiyo, gobori, bunduki ya kupakiwa mdomoni, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa masimulizi ya wazee tu.

Ngoja nisogeze kamera. Mitutu miwili sambamba, kaliba 12, kitako cha mti wa jozi, nyundo mbili zilizojikunja kama shingo ya korongo aliyelala. Si la zamani hili. Limetengenezwa Italia miaka hii hii, kwa kuiga bunduki za Waingereza za karne ya 19. Jina la kiwanda nalihifadhi, maana hawajanilipa, na kuna mahali nitawasema.

Na si langu. Mimi ni mwongozaji tu, mwenye mali ni mgeni wetu wa msimu huu, na ameniruhusu kulionyesha. Kabla hujaniandikia kule chini: Uganda hakuna kumiliki bunduki bila cheti, Sheria ya Silaha ya 1970 ipo, na ndege hawindwi bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori. Gobori nalo ni bunduki. Kibali chetu kinasema kanga na kwale, basi. Yule korongo wa kwenye bendera, hata akija kutua mezani hapa, tunampigia saluti.

Sasa tazameni hapa chini ya nyundo. Hiki kichuchu chenye tundu ndicho kifa. Juu yake inavikwa fataki, kikofia cha shaba kama kofia ya siafu. Nyundo ikishuka, fataki inalipuka, moto unapita tundu la kifa, unakuta baruti ndani. Gumegume la kale halikuwa hivyo, lilitegemea jiwe na cheche, na baruti kidogo iliyokaa nje kwenye kisahani. Kuna mchungaji wa kanisa kule Scotland, Alexander Forsyth, mwindaji wa ndege, ambaye shida yake ilikuwa hiyo: ndege waliona mwako wa nje wakakwepa kabla marisau, zile punje ndogo za risasi, hayajawafikia. Akatafuta dawa inayolipuka kwa kugongwa, akapata hataza mwaka 1807. Fataki yenyewe ilikuja baadaye, lakini mlango aliufungua yeye. Kwa hiyo mnaposikia silaha zilibadilika kwa ajili ya vita, kumbukeni na bata.

Tupakie. Kwanza kabisa, mdeki, huu ufito wa kushindilia, ndani ya kila mtutu, kuhakikisha ni mitupu. Kisha fataki moja kila kifa, bila baruti yoyote, mdomo wa bunduki uelekee kwenye jani la nyasi pale chini. Angalieni lile jani... Pa! Limetikisika. Maana yake njia ya moto iko wazi, mafuta ya jana yamekauka. Mtutu wa kushoto... Pa! Umeona? Jani limesimama kama halijaambiwa kitu. Kuna uchafu. Sindano kwenye tundu la kifa, fataki nyingine, pa, sawa. Kama ningepuuza hilo, ningejua shambani, kanga akiwa hewani.

Kitako chini, midomo imeelekea mbali na uso wangu. Baruti nyeusi, narudia, nyeusi. Ile baruti ya kisasa isiyotoa moshi ukiiweka humu mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto uko hapo hapo. Tena siimimini kutoka kwenye chupa. Namimina kwenye kipimo kwanza, naweka chupa kando, naifunga, ndipo kipimo kinaenda mtutuni. Kwa nini? Kwa sababu baada ya mlio wa kwanza huenda kuna kaa limebaki mle ndani. Kipimo kikiwaka utapoteza nyusi. Chupa nzima ikiwaka, hakuna video ya wiki ijayo.

Kiasi? Hapa wanaume wengi huharibu. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni kipimo kimoja kwa vyote viwili: ujazo wa baruti na ujazo wa marisau uwe sawa. Kwa kaliba 12 hiyo ni kama gramu 5 za baruti na gramu 30 hivi za marisau, kwa sababu risasi ni nzito. Mgeni wetu siku ya kwanza alitaka aongeze baruti, eti ifike mbali. Tukasimamisha boksi la biskuti hatua 25, akapiga na baruti iliyozidi. Marisau yalikaa pembezoni kama watu kwenye duara la ngoma, katikati pakabaki uwazi ambao kanga mzima angepita akitembea. Tukarudi kwenye kipimo sawa, boksi likawa chujio.

Baada ya baruti inaingia kadi ngumu, kisha kizibo kinene cha sufu iliyopakwa mafuta. Sukuma kwa mdeki mpaka vikae juu ya baruti. Kaza, usitwange, huu si mchi. Mdeki ushike kwa vidole, kiganja kisikae juu ya mdomo wa bunduki. Kisha marisau, namba 6 kwa kanga. Sikilizeni yanavyoshuka... kama mtama kwenye debe. Juu yake kadi nyembamba ya kuyazuia yasimwagike ukiinamisha. Mtutu wa pili vivyo hivyo. Fataki ni mwisho wa yote, mkiwa tayari mmesimama mahali pa kupigia.

Mzee tunayefuata naye nyayo anasema babu yake alishindilia majani makavu ya mgomba badala ya sufu. Inawezekana, lakini hayo hutoka mdomoni yakifuka moto, na Julai hii nyasi za Ankole zinangoja kisingizio tu.

Sasa yale ya kusema. Mdeki huu waliouleta kiwandani, bei yote hiyo, ni mwembamba, kichwa chake cha shaba kinalegea, na hauna alama hata moja. Hauna alama! Juzi kwale waliruka mbele yetu nikiwa nampakilia mgeni, tukaanza kuonyeshana walikotua, niliporudi kwenye bunduki nikatia baruti na kadi kwenye mtutu ambao ulishapakiwa. Kilichoniokoa ni mdeki, ulibaki nje kwa urefu wa vidole kadhaa zaidi ya kawaida. Jasho lilinitoka. Tuliketi chini ya mgunga tukaanza kuchokonoa kimoja kimoja kwa skrubu ya kutolea vizibo, kazi ya karibu saa nzima, hakuna aliyesema neno. Jioni mgeni mwenyewe alinipa kisu: tumekata mstari mmoja wa mtutu mtupu na mwingine wa mtutu uliojaa. Hii hapa. Dakika 2 za kazi, kiwanda kilishindwa.

Na jingine linalosahaulika. Ukipiga mtutu wa kulia tu, mshtuko unaweza kulegeza shehena ya kushoto, ikasogea mbele na kuacha nafasi juu ya baruti. Hapo ndipo mitutu huvimba au kupasuka. Kwa hiyo kabla ya kupakia tena wa kulia, vua fataki ya kushoto, kisha ingiza mdeki kushoto, angalia ule mstari, sukuma irudi.

Shambani tulikuwaje? Kanga hapendi kuruka, anakimbia kama amechelewa basi. Mgeni alisubiri, mzee akawazungukia, waliporuka juu ya kichaka ilikuwa mita 25 hivi. Mlio wake ni mzito, hausikiki kama wa bunduki ya kisasa, unasukuma bega taratibu. Kisha moshi! Mweupe, mzito, umesimama palepale. Alilazimika kuchepuka pembeni ili ajue kama amepata. Alipata mmoja. Zaidi ya mita 30 simshauri mtu. Na kwenye vinamasi hatukuenda nalo, risasi ikizama majini bata wanaimeza wakidhani ni kokoto, nayo ni sumu, na marisau ya chuma yanakwaruza mitutu kama hii.

Kusafisha ni usiku ule ule, hata kama umechoka. Maji ya moto na sabuni. Yatatoka meusi na kunuka yai viza, usishtuke, ni kiberiti, yaani salfa ya kwenye baruti. Kausha, paka mafuta. Masizi ya baruti hii yanavuta unyevu, na ukilala nayo utaamka na kutu nyekundu.

Alama zangu: bunduki 8 kati ya 10. Mdeki 3, na hizo 3 ni kwa sababu umenyooka. Anayewinda ili ajaze friji asinunue, kati ya mlio na mlio mwenzako mwenye bunduki ya kisasa ameshakunywa chai.

Kanga mwenyewe yuko sufuriani tangu saa kumi, nyama yake inataka subira. Tafuneni polepole, jamaa. Mzee ameshatema risau ya pili, ameiweka ukingoni mwa sahani.