Mkanda upi wa darubini? Uzoefu wangu kutoka Mida hadi Shimba Hills

Darubini yangu ni ya 8x42, yaani inavuta mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Uzito wake ni kama gramu 700. Ukiishika dukani huoni shida yoyote. Shida huanza saa ya tatu ikiwa shingoni, jua limeshapanda, nawe umesimama kandokando ya mikoko ya hori la Mida, karibu na Watamu, ukihesabu membe na vitwitwi waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya kwao.

Mimi nakaa Kisauni, na kila Januari huenda Mida kwenye hesabu ya ndege wa majini. Miaka ya kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani na kichwa kinauma kuanzia kisogoni, nikidhani ni jua. Kumbe ni ule ukanda mwembamba uliokuja na darubini. Kwa sisi tunaojifunga mtandio kuna adha ya pili ambayo sijaona ikielezwa popote: ukanda huuvuta mtandio nyuma kila unapoinua darubini, pini inahama, na mwisho inakuchoma chini ya kidevu. Nimewahi kumkosa kulasitara mzuri kabisa kwa sababu mkono mmoja ulikuwa unashika mtandio.

Nikanunua ukanda mpana wa shingoni, ule wenye mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi, kwa shilingi 1,500. Siku ya kwanza nilifurahi, maana uzito ulitawanyika na ngozi haikukatwa. Lakini mpira ule unavutika, kwa hiyo ukitembea darubini inadundadunda kifuani, na ukiinama inakwenda mbele kama ndoo kisimani. Tena unashika jasho. Kwa joto la Mombasa la Februari na Machi, nilikuwa nikiuvua umelowa chapachapa. Siupendekezi, labda kwa mtu wa kuangalia ndege dakika ishirini kutoka barazani kwake.

Kisha binamu yangu aliyefanya kazi Tanzania na watalii wawindaji akaniletea mfuko wa kifuani. Huku kwetu Kenya uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini kule bado unaendeshwa kwa leseni na vitalu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji, na yeye alikuwa msoma nyayo. Alinieleza vizuri sababu za mfuko ule kuwa vile. Mwindaji hutambaa kwenye nyasi, kwa hiyo darubini ikining'inia itaburuzika chini na kugonga mawe. Bunduki imeshachukua bega moja, kwa hiyo mikanda hupita mabega yote mawili na kukutana chini kidogo mgongoni ili isigombane na mkanda wa bunduki. Na wanaowinda kwa upinde huufunga mfuko ubane kabisa, maana kitu kilichotokeza kifuani kinaweza kunaswa na uzi wa upinde unapoachiwa. Kifuniko huzuia vumbi na mvua. Kila mshono una kazi yake, na kwa kazi hiyo naamini ni kifaa bora.

Niliuvaa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Mabega yalikuwa mepesi, shingo haikusikia kitu, mtandio ulitulia mahali pake. Kiongozi wetu akatupeleka taratibu kwenye kichaka alikolala yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake ni kama sentimita 16 tu, anayefanana na jani kavu. Sote kimya. Nikafungua kifuniko. Velkro ikalia kraaa! Bundi akafumbua macho. Hakuruka, alhamdulillah, lakini mzee aliyetuongoza alinigeukia na kuninong'oneza, "Pole pole, mama, huyu yuko usingizini," na niliona haya siku nzima. Ukinunua mfuko wa aina hii chagua unaofungwa kwa sumaku au kwa kamba ya mpira na kijiti.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa watu wa pwani. Mfuko ulio juu ya kifua chenye jasho, ndani umefungwa, hewa haipiti: hapo unapika ukungu wa kwenye vioo, ule wa kuvu. Ukungu ukishaingia ndani ya darubini, kuutoa ni kazi ya fundi na fedha. Nikifika nyumbani sasa naiacha darubini wazi kwanza ikauke, nafuta chumvi kwa kitambaa chenye maji kidogo, ndipo naiweka kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Msivitupe.

Ninachotumia leo ni mikanda miwili ya mabegani isiyo na mfuko. Inapishana mgongoni kwenye kipande cha ngozi, na darubini inashikwa kila upande kwa kifungo. Nilinunua kwa shilingi 3,200. Kipande cha mgongoni kilikuwa kidogo, kilikuwa kinapanda hadi shingoni, nikakipeleka kwa fundi viatu Mwembe Tayari. Aliuangalia ule ukanda wangu wa zamani nilioubeba mkobani, akauliza, "Mwanangu, umeshamwona hamali akabeba gunia kwa shingo?" Akashona ngozi pana zaidi, akashusha makutano ya mikanda hadi katikati ya mabega. Shilingi 300, na ndiyo fedha iliyonifaa kuliko zote nilizotumia kwa darubini hii.

Urefu wa mikanda ndio siri. Mwanzoni niliiacha mirefu, darubini ikawa inagonga tumbo. Sasa inakaa juu, karibu na mfupa wa kifua, imegusa mwili bila kubana. Kuiinua hadi machoni ni shibri mbili tu, na mikanda inateleza yenyewe. Nimeshuka nayo njia ya mteremko wa maporomoko ya Sheldrick kule Shimba Hills, nyuma ya askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mikono yote huru kushika miti, na haikuyumba. Mwaka uliotangulia nilishuka njia hiyo hiyo na ukanda mmoja wa kupitisha begani kama mkoba. Ulinifaa kwenye tambarare tulipowatazama palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima wanapatikana huko tu, lakini kila nilipoinama darubini ilitoka kwapani ikaja mbele.

Mikanda hii nayo ina lawama zake. Kuivaa na kuivua ni kazi, hasa juu ya buibui, na ukitaka kumpa mwenzio darubini atazame mara moja lazima ufungue vifungo vyote viwili. Mtu wa kuazimana darubini, kama wanafunzi wangu, atachoka. Pia vifungo vyake vilikuwa vya chuma, na kwa hewa yetu ya chumvi vilianza kutu kabla ya miezi sita. Nilivibadilisha kwa vya plastiki ngumu, na kila ninapotoka huvuta kila kimoja kwa nguvu kabla ya kupanda matatu.