Sandali za mguu wenye ganzi, baada ya miezi minane

Nianze na kasoro: mkanda wa kisigino cha kushoto umefumuka, na fundi nimeshamrudishia mara mbili. Kwa hilo namkata nyota moja. Nne zilizobaki ni zake kwa haki.

Niliugua ukoma. Nilimeza dawa mseto miezi 12, nikapona, huu mwaka wa tisa. Vimelea vilikufa, ila mishipa ya fahamu ya miguuni ilikuwa imeshaharibika na haikurudi. Kuna jioni nilivua viatu nikakuta soksi imelowa damu; msumari ulikuwa umechomoza ndani na nimetembea nao tangu asubuhi. Kidonda kile nilikiuguza miezi minne.

Sandali za mwanzo nilipewa kliniki. Mguu ulizipenda, mimi sikuzipenda. Nyeusi, pana kama kasia, na kila aliyewahi kuugua ukoma alikuwa nazo hizohizo. Nikipanda basi mtu anatazama miguu, anapandisha macho usoni, kisha anasogea dirishani. Nikawa nazitia mfukoni, natoka na kandambili. Ujinga mtupu, maana kwa mguu wenye ganzi kandambili huchomoka ikabaki nyuma huko, nawe unaendelea pekupeku huna habari.

Hizi za sasa nilichongewa. Raba ya ndani ni laini, ina vitundu vidogovidogo, ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kisha inarudi. Ya chini ni ngumu, mwiba haujapenya hata mmoja. Hakuna msumari, ni gundi na uzi tu. Fundi alinisimamisha juu ya karatasi akachora kila mguu peke yake, kwa sababu wa kulia umepoteza vidole viwili, na pale palipo na pengo akapaziba kwa raba ili mguu usiteleze mbele. Ila kwa juu ni ngozi ya kahawia, sandali kama za mtu yeyote. Wiki ya pili kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, hizo umezipata wapi?" Nilibabaika. Miguu yangu ilikuwa haijasifiwa siku nyingi.

Huduma nayo niiseme. Fundi aliushika mguu wangu kwa mikono mitupu, akapapasa sugu zote huku akipiga soga. Msaidizi wake ndiye aliyenikera: niliponyanyuka tu akakimbilia kuifuta stuli kwa dawa, na ya mteja wa kabla yangu hakuifuta. Mtu aliyeanza dawa haambukizi, sembuse mimi wa miaka tisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Fundi hakusema neno. Aliivuta stuli ile ingali mbichi, akaikalia, akaendelea kushona.

Kwa atakayezichukua: siku ya kwanza usizivae kutwa. Vaa kwa muda wa saa mbili tu, vua, papasa mguu kwa mgongo wa mkono (kama mkono nao una ganzi, mwombe mtu wa nyumbani). Ukiona wekundu au joto mahali pamoja, rudisha zipanuliwe. Kioo cha kukagulia nyayo kila jioni usikitupe, mimi changu kipo chini ya kitanda. Na ule mkanda wa kisigino, mwambie aupige mshono mara mbili kabla hujaondoka.