Tahadhari, wenye magari Kisumu: "dawa ya kutu" ya breki ni mafuta tu

Kuna jamaa anazunguka sehemu za kuoshea magari kando ya ziwa akiuza chupa ya kupuliza, ati dawa ya kuzuia kutu kwenye diski za breki. Msinunue. Na kama umeshapuliziwa, usiliondoe hilo gari; ita fundi alifungulie hapo hapo.

Mimi alinipata Jumamosi. Gari limetoka kuoshwa, bado linadondosha maji, nimekalia kiti cha plastiki nasubiri. Akainama kwenye gurudumu la mbele, akaniita: "Mkubwa, hebu njoo uone breki zako zinavyooza." Nikachungulia katikati ya rimu, na kweli diski imegeuka rangi ya chungwa. Akapuliza kwenye kitambaa, akafuta, chuma kikang'aa kama sufuria mpya. Nani hangetoa pesa? Nikatuma 800 kwa M-Pesa, naye akanipulizia diski zote mbili za mbele, akaniachia chupa. Akaniambia nisiendeshe kwa dakika 20 "ili dawa ishike." Sasa ndio naelewa hizo dakika 20 zilikuwa za nani.

Kondele nilihisi breki zinateleza kidogo, nikadhani ni maji. Nikapanda hadi Kiboswa. Wakati wa kurudi, kwenye ule mteremko wa kuja Mamboleo, nakanyaga pedali iko ngumu kama kawaida, lakini gari halishikiki. Harufu ya kuungua, kisha moshi mbele. Gia ya pili na Mungu, basi.

Fundi alipovua magurudumu, pedi zilikuwa zimelowa, nyeusi ti. Akanipa moja ninuse: mafuta ya cherehani, au ndugu yake. Pedi ikishakunywa mafuta haisafishiki, kwa hivyo zilitupwa. Diski zilipona, zikasafishwa kwa ile dawa ya breki inayokauka bila kuacha utelezi. Pedi mpya na ufundi, 3,500.

Kinachoniuma ni kwamba kutu aliyonionyesha ilikuwa ya kweli. Diski ni chuma cha kusubu, na uso wake huachwa mtupu kwa sababu ndipo pedi inaposhika. Ukiosha gari, au likilala nje kwa unyevu huu wa ziwa, kutu nyepesi lazima itokee. Breki chache za kwanza zinaikwangua yote. Ndio ule mkwaruzo wa asubuhi unaoisha kabla hujafika barabara kuu. Ya kukutia wasiwasi ni ile iliyochimba vishimo kwenye gari lililokaa wiki nyingi, au pedali inayotetemeka ukifunga breki. Hapo fundi apime unene wa diski. Kiwango cha chini kabisa, kwa milimita, mara nyingi kimepigwa chapa kwenye diski yenyewe, karibu na maneno MIN TH.

Ukitoka kuosha, endesha polepole ukigusa breki mara kadhaa zikauke, ndipo uegeshe. Rangi ya kuhimili joto inafaa kitovu cha diski tu, kamwe si pale pedi inapopita.

Stika ya chupa yake haina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nami sikuangalia. Bidhaa yenye alama hiyo ina nambari ya kibali: unaandika SM# na hiyo nambari, unatuma kwa 20023, unajibiwa ni ya nani.

Chupa bado ninayo kwenye buti. Anayebisha aje anuse.