Saa ya GPS kwa mkimbiaji wa Uganda: uliza betri kwanza

Karibu kila Jumapili, tukishamaliza mbio ndefu, kuna mtu ananivuta pembeni na kuniuliza anunue saa gani. Mara nyingi ameshapita dukani, akaonyeshwa skrini inayong'aa kama simu, na moyo umeshaenda. Mimi humuuliza mambo mawili: unakimbilia wapi, na kwenu umeme hukatika mara ngapi? Majibu hayo yanachagua saa kuliko rangi ya skrini.

Namba moja naipa Coros Pace 3, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 229 huko Marekani. Hapa kwetu ongeza usafiri na ushuru. Kampuni inataja muda wa saa 38 za GPS kwa chaji moja, au 15 ukiwasha masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti. Ukikimbia saa moja kwa siku, wiki nzima inapita bila kutafuta chaja, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia mazoezi hushtuki. Ina gramu 30 tu ikiwa na mkanda wa kitambaa. Baada ya kilomita kumi unasahau kwamba umeivaa.

Hayo masafa mawili si mapambo. Setilaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na mawimbi yake yanafika yakiwa dhaifu. Katikati ya maghorofa ya Kampala Road yanagonga ukuta kwanza, yanachelewa kidogo, na saa inadhani umevuka barabara. Saa inayosikiliza masafa mawili inayatambua vizuri zaidi yale yaliyopinda njia. Pia Pace 3 hupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua unapopanda, kwa hiyo inajua umepanda mita ngapi. GPS peke yake hukosea zaidi kwenye kimo kuliko mahali ulipo, na sisi tunaopanda vilima vya Kololo na Muyenga tunahitaji hesabu hiyo: dakika sita kwa kilomita mlimani ni kazi nyingine kabisa. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020, kwa 26:11.00, taa za ukingoni mwa uwanja zilikuwa zikimwonyesha mwendo. Sisi tuna saa ya mkononi tu.

Kasoro yake: waya wa chaji ni wa aina yake. Ukiusahau Kampala ukaenda kambini Kapchorwa, huenda usipate wa kukuazima.

Namba mbili ni Garmin Forerunner 55 ya mwaka 2021. Haina masafa mawili, haipimi kanieneo ya hewa, wala haikuongozi kwenye njia uliyoichora. Mbona basi naipenda? Vitufe vitano, hakuna kugusa skrini. Mvua ya asubuhi ikikukuta kwenye barabara ya udongo mwekundu, vidole vina matope, jasho linachuruzika, unabonyeza na mzunguko unahesabika. GPS yake inadumu saa 20. Waya wake wa chaji ni uleule wa Garmin nyingi, kwa hiyo kambini mmoja akiwa nao wote mnachaji. Na ina mpangilio wa uwanjani: unaiambia uko leni ya ngapi, nayo inahesabu mzunguko kwa urefu wa leni hiyo. Bila mpangilio huo, saa nyingi zitakuambia umekimbia zaidi ya ulivyokimbia. Kwa mkimbiaji wa lami na uwanja anayeanza, inatosha kabisa.

Forerunner 255 naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu, dola 350 ilipotoka. Ina vitufe, masafa mawili na kipimo cha kanieneo, yote kwa pamoja. Kama unakimbia miteremko ya Elgon au Kasese na fedha ipo, inunue. Kama soli za viatu vyako zimekwisha, nunua viatu kwanza.

Forerunner 165 ndiyo ile yenye skrini nzuri. Si saa mbaya, ila ya mwisho kwangu.

Kuhusu mapigo ya moyo, zote hukisia kwa taa ya mkononi, na taa hiyo huchelewa. Kwenye intavali (mbio fupi za kasi zenye mapumziko) za mita 400, inapoonyesha 170 wewe tayari umeinama umeshika magoti. Kama kocha wako anakupa mazoezi kwa mapigo, tafuta mkanda wa kifuani. Mmojawapo, Polar H10, hutumia betri ndogo ya duara unayobadilisha mwenyewe.

Sasa mitumba, maana wengi wetu tunanunua huko. Yangu ya kwanza niliinunua katikati ya jiji. Kwenye kilomita ya 21 ya mbio za 32 ikazima, na chaji ilikuwa imejaa asubuhi. Nilipoigeuza nyumbani nikaona pini za chaji zimeota ukijani wa jasho la mwenyewe wa zamani. Kwa hiyo igeuze hapohapo, kagua pini, bonyeza kila kitufe. Kisha toka nje hadi mahali penye anga wazi, subiri ishike setilaiti, washa GPS na utembee nusu saa ukiangalia asilimia ya betri. Forerunner 55 nzima hushuka asilimia mbili au tatu tu. Ikishuka kumi, mrudishie muuzaji saa yake.