Darasa la Kiingereza la jioni kule Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar, nendeni tu

Wanaosoma pale wengi ni watembeza watalii na vijana wa mahotelini, na kwa kweli linafaa. Mwalim anachukua neno moja analichambua mpaka likuingie, wiki ilopita ilikuwa too, maana sie tunaona sawasawa na very, mtu anamwambia mgeni "your dress is too beautiful" anajua kasifu, kumbe too ni kupitiliza mpaka inakuwa tatizo, chai ikiwa too hot ndo hainyweki, very hot unaipuliza unakunywa. Halafu very haikai na kitendo peke yake, husemi I very like Zanzibar, unasema I like Zanzibar very much, hapo darasa zima kicheko manake ndo tunavosema kila siku pale Forodhani 😂 Freezing nayo haitaki very, ishabeba baridi kali ndani yake, inataka absolutely.

Kasoro ni joto, feni moja watu tele, na ukichelewa baada ya magharibi unakaa mlangoni huoni ubao. Ada nafuu lakini kopi za karatasi unalipia mbali, hilo walitazame.