Uzoefu wangu na Steam Deck: kompyuta nimeuza, CD za PS2 zimegoma kuondoka

Niseme mapema: mtu mwenye meza yake, kiti chake na nafasi ya kutosha anaweza kuishi miaka yote bila Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mikononi, asipungukiwe na kitu. Mimi thamani yake niliiona nilipoanza kupunguza vitu ili nihame. Ninakokwenda ni padogo kuliko hapa, na gari la mizigo linahesabu nafasi tu. Haliulizi kipi ulikinunua kwa kujinyima.

Mali ya mcheza gemu ina vituko vyake. Nguo unazigawa kwa mchana mmoja. Lakini fungua droo ya waya uone. Kuna kebo za nyekundu, nyeupe na njano, chaja za simu ambazo zilishakufa, waya mrefu wa kuchajia pedi, na vile vitu vyeusi vya mraba ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka kwenye nini. Hakuna mcheza gemu anayetupa waya. Mimi nilijiwekea sharti kwamba waya usiojulikana kifaa chake unaondoka, na bado niliukuta mmoja umerudi mfukoni mwangu.

Maumivu ya kichwa yalikuwa kompyuta ya mezani. Kasha lenye kioo ubavuni, kadi ya grafiki nzito inayoning'inia kwenye ubao, skrini ya inchi 27 na spika zake. Kusafirisha mashine ya namna hiyo si kuitupia tu nyuma ya gari. Kadi ya grafiki inatakiwa ichomolewe na kufungwa peke yake, kwa sababu barabara ikirusha, uzito wake unaweza kuvunja sehemu inayoishikilia. Kioo nacho kinataka kulazwa kwa adabu. Halafu ukifika unahitaji meza. Nilipopima yote hayo, nikaamua iuzwe, na Steam Deck niliyokuwa naitumia kama kitu cha ziada ikawa ndiyo mashine yangu kuu. Tathmini hii inatokana na kipindi hicho cha kuitegemea yenyewe tu, nyumba ikiwa imejaa katoni.

Kwa wasioijua, Steam Deck ni kompyuta kamili ya kushika mikononi. Valve, wenye duka la gemu za kompyuta la Steam, walianza kuisambaza Februari 2022 ikiwa na kioo cha LCD cha inchi 7, na Novemba 2023 wakatoa nyingine yenye kioo cha OLED cha inchi 7.4 na betri kubwa zaidi, ya saa-wati 50 badala ya 40. Yangu ni hiyo ya pili. Ina uzito wa gramu 640 hivi. Ndani inaendeshwa na SteamOS, ambayo ni Linux, ilhali gemu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Hapo katikati anakaa mkalimani, programu iitwayo Proton, na kazi yake anaifanya kimyakimya kiasi kwamba unasahau yupo. The Witcher 3, Hades na Stardew Valley zote zilifunguka bila mimi kugusa mpangilio wowote.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote halipewi nafasi kubwa kwenye matangazo. Kompyuta yangu ilikuwa na gemu nyingi zilizokwisha kupakuliwa, na moja wapo, Red Dead Redemption 2, inadai nafasi ya GB 150. Kuipakua upya kwa intaneti ya kupimiwa ni kujitafutia kesi. Lakini tangu 2023 Steam inaruhusu gemu zihame kutoka mashine moja hadi nyingine ndani ya mtandao wa nyumbani. Unawasha zote mbili, unaingia kwa akaunti yako, unahakikisha kwenye mipangilio ya upakuaji kwamba huduma hiyo imewashwa pande zote, kisha unabonyeza kusakinisha kwenye Deck kama kawaida. Steam ikigundua jirani yake ana gemu ileile, inaichota kwake badala ya kwenda intaneti. Niliiacha ifanye kazi huku nikikunja mapazia. Mnunuzi wa kompyuta alipokuja kuikagua, gemu zangu zilikuwa zimeshavuka upande wa pili na diski yake imefutwa kabisa.

Kitu cha kuangalia kwa makini hapo ni sevu, yaani faili linalokumbuka umefikia wapi kwenye gemu. Watu hudhani kila kitu kiko kwenye wingu la Steam, hifadhi yao ya mtandaoni. Si kweli. Kila mtengenezaji wa gemu anaamua mwenyewe kama atalitumia, na gemu za zamani au za watengenezaji wadogo mara nyingi hazina. Ukurasa wa gemu dukani unaonyesha kama kuna Steam Cloud. Isipokuwepo, lazima uhamishe sevu kwa mkono, na kwenye Deck zinakofichwa si pale ulipozoea. Ukiingia upande wa mezani wa Deck (Desktop Mode), unafungua folda ya steamapps, ndani yake compatdata, halafu unakutana na folda zenye majina ya namba tupu. Kila namba ni gemu moja. Ukiifungua utakuta folda ya pfx, na humo ndani Windows ya kuigiza yenye drive_c yake na folda ya mtumiaji, kama vile kompyuta uliyoiuza. Sevu unaiweka palepale ambapo ingekaa kwenye Windows. Ni kazi ya kuchosha macho, ila inawezekana, na ifanyike kabla mashine ya zamani haijatoka mlangoni.

Sasa matumizi yenyewe. Siku za kuhama hazina saa moja iliyokaa sawa. Simu inaita, fundi anagonga, mtu wa mtandaoni anaandika "bado ipo?" kisha anapotea. Deck ina kitufe cha kuilaza. Ukikibonyeza, gemu inaganda ilipo, na ukiiamsha unaendelea na hatua ileile. Nilikuwa katikati ya pambano kwenye Elden Ring, gemu maarufu kwa kutokuwa na kitufe cha kusimamisha mchezo, wakati kijana aliyekuja kuchukua kiti alipofika. Nikailaza. Akakizungusha kiti, akakikalia, akaegemea hadi nikaogopa, akasema, "Kaka, mwisho ngapi?" Tukavutana, tukaelewana, nikamsaidia kukishusha ngazi. Niliporudi, yule jitu alikuwa bado ameinua shoka. Nilikuwa nacheza nje ya mtandao. Ukiwa umeunganishwa na seva, ukiiamsha gemu hiyo inakurudisha kwenye menyu, kwa hiyo usije ukanilaumu.

Meza ilipoondoka na skrini ikaondoka, nilichezea sakafuni nikiegemea magodoro yaliyofungwa. Hapo kioo cha OLED kinajilipa, maana giza lake ni giza kweli. Lakini maandishi ni madogo. Mwonekano wa 1280 kwa 800 unaifaa mashine isihangaike, ila gemu zilizotengenezwa kwa skrini kubwa zinakupa herufi za kukodolea macho, hasa zile zenye orodha ndefu za silaha na takwimu. Mwenye miwani asiiache mbali.

Betri inategemea unacheza nini, na hapa usidanganywe na namba za kwenye boksi. Gemu nyepesi za pikseli zinakwenda saa nyingi. Gemu nzito inakula chaji ndani ya saa mbili hadi tatu, na feni unaisikia. Dawa niliyoizoea ni kufunga fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye kioo, zisizidi 40 kwa sekunde na kushusha nguvu inayoruhusiwa kwa kichakataji, vyote viko kwenye kile kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia. Tofauti ya fremu 40 na 60 kwenye kioo kidogo mimi siioni sana. Tofauti ya chaji naiona vizuri. Kwa wanaohama kwa ndege, betri hiyo iko chini ya saa-wati 100, kiwango ambacho kwa kawaida hukubaliwa bila kibali maalumu, ila ibebe kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kwenye begi linalokwenda chini. Na usijidanganye kwamba ni kitu cha mfukoni, kwa sababu ina urefu unaokaribia sentimita 30.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi, kuna tundu la kadi ya microSD na gemu zinafanya kazi vizuri humo. Jihadhari tu na kadi za bei chee zinazojidai kuwa na terabaiti. Nyingine zimepangwa ziitangazie mashine ukubwa usiokuwepo. Unajaza, unajaza, na kinachoingia baada ya ukomo halisi kinaharibika bila kelele. Ijaze kadi mpya mafaili hadi mwisho, kisha uyafungue yaliyoingia mwishoni, ndipo uiamini.

Sasa niseme pale ambapo Deck haikuweza kunisaidia, na ndipo kulikokuwa na mzozo mkubwa na katoni zangu. Maktaba ya Steam si mali unayoweza kugawa. Unanunua leseni, na masharti yao yanakataza kuuza au kuhamisha akaunti. Kuna mpango wa familia uliozinduliwa rasmi Septemba 2024, watu hadi sita wanachangia maktaba, lakini umelengwa kwa wanaoishi nyumba moja, na mimi ndiyo kwanza natoka. CD za PS4 ziliuzwa. Nyingine nilizigawa bure. Gemu za Steam zenye thamani kubwa kuliko CD zote hizo hazikunirudishia hata senti.

Halafu kuna gemu ambazo nje ya CD hazipatikani. Septemba 2023, gemu ya mpira ya EA Sports FC 24 ilipokuwa inaingia kurithi nafasi ya FIFA, FIFA 23 na za nyuma yake ziliondolewa kwenye maduka ya kidijitali. Aliyenunua awali bado anaweza kuipakua, lakini mgeni akiitaka leo atafute CD. Duka la kidijitali la Nintendo 3DS na Wii U lilifungwa Machi 2023, la Xbox 360 likafuata Julai 2024. Na WWE SmackDown! Here Comes the Pain ya 2003 ilitoka kwa PS2 tu. Leseni za wanamieleka wa enzi ile sidhani kama kuna atakayekubali kuzikusanya upya. Hiyo CD ina mkwaruzo wa duara ukingoni na bado inasoma. Pamoja nayo kuna memori kadi ya MB 8, nafasi inayoweza kujazwa na picha chache tu za simu za sasa, iliyobeba wanamieleka tuliowaunda sisi wenyewe, mmoja akiwa na sura ya mwalimu wetu wa hisabati.

Kwa hiyo PS2 nyembamba, kadi yake na CD chache vimepata katoni. Bastola ya kulengea tivi haikupata. Ile ilikuwa inategemea jinsi tivi ya kichogo inavyochora picha mstari kwa mstari, na kwenye tivi bapa hailengi kitu. Tivi yenyewe ya kichogo ilishaondoka zamani, na nani anahama na tivi ya kichogo?

PS4 ndiyo ilizua mjadala wa kifamilia. Nilitaka kuiuza pamoja na vingine. Mdogo wangu akaja, akakaa juu ya katoni ya vyombo, akasema, "Kaka, hiyo Deck yako si inacheza kila kitu? Basi niachie hiyo Deck." Nikamwambia gemu anayoipenda yeye haifunguki humo. EA Sports FC 24 na 25 zinatumia ulinzi dhidi ya udanganyifu ambao haukubali Linux, na hali ni hiyohiyo kwa Fortnite, Valorant na GTA Online. Apex Legends ilikuwa inakubali, nayo ikafunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Gemu za mtu mmoja ndizo chakula cha Deck. Mwenye kuishi kwa mechi za mtandaoni aangalie kwanza gemu zake moja moja, maana Steam inaziwekea alama ya kijani, ya njano au ya kukataliwa, na asiuze kompyuta yake kabla hajamaliza kuzipitia.

Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta PS4 upande wake. Nikafuta akaunti yangu, nikairudisha ilivyotoka kiwandani, nikamfungia na waya zake zote. Ameshaanza kudai na pedi ya pili. Iliyobaki ni ile ambayo stiki yake ya kushoto inajivuta yenyewe, mchezaji wake anakimbilia kona hata usipomgusa. Nimempa. Akija na marafiki zake, aamue mwenyewe nani ataishika.