Mikopo ya asilimia 10 au ruzuku ya TASAF: ipi inamfikia maskini?

Mikopo ya halmashauri hutoka kwenye mapato yake ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Halmashauri ikikusanya bilioni 2, fungu ni milioni 200 tu. Hapo ndipo pengo linapoanzia: Jiji la Mbeya lina soko la Mwanjelwa na maduka yake, wilaya ya Makete haina soko la kiasi hicho. Tena mkopo kwa kawaida hudai kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mjane asiye na kikundi hata fomu haijazi. Wanaopata nao hukwama wakigawana fedha kila mmoja fungu lake, au marejesho yakianza kabla viazi havijavunwa, na viazi huchukua miezi mitatu hadi minne.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, haitegemei ushuru wa wilaya. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha huhakikiwa kwa dodoso. Fedha ni ndogo, hazirudishwi. Kasoro yake ni orodha kuchakaa: aliyefukarika baada ya uhakiki husubiri awamu nyingine.

Kwa asiye na kitu kabisa, TASAF kwanza. Mwenye genge tayari aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mkopo.